Dawa Isiyouma

Jembe lilinikata muundi katika shamba la pamba tulilolazimishwa na Wabelgiji kulima, huko Kabambare. Kidonda kikaoza. Shangazi yangu alikiosha kila asubuhi kwa maji ya moto na chumvi, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kwake yeye, dawa isiyouma haikuwa dawa.

Ndipo muuguzi wa dispensari akanipa pomade ya penisilini. Niliipaka nikiwa nimekaza meno, nikingoja maumivu. Hayakuja. Shangazi akacheka: "Hii iko mafuta ya uso! Wamekudanganya, mutoto."

Nilikasirika. Tangu hapo sikumpa tena mguu wangu auoshe. Nilipaka pomade, nikafunga kitambaa safi, usaha ukakauka na nyama mpya ikajaa. Kwenye arusi ya dada yangu nilicheza mbele ya watu wote, kikwembe nilichojifunga kiunoni nimekikunja mpaka magotini.

Baadaye shangazi aliungua mkono kwa mawese ya moto, na kidonda kikaanza kutoa usaha. Akaja kwangu, macho chini.

"Ile pomade yako ingali iko?"

"Chumvi iko jikoni, shangazi."

"Mutoto wangu, usinitese."

Nikampaka taratibu, mguu wangu nimeunyoosha mbele yake auone vizuri.