Kompaila Iliyonitukana Mbele ya Mama Mkwe

Wakuu, mashine yangu ilinitukana mpaka babu, mbele ya mama mkwe.

Naishi mtaa wa Chemchem, na mlango wangu haufungwi. Siku hiyo sebule ilijaa majirani, maana habari zilishavuja: mama yake Theodora, mchumba wangu, katoka Itetemia kuja kukagua nafanya kazi gani. Asiporidhika, hakuna ndoa.

Sasa kazi yenyewe. Mimi na mshkaji wangu Fikiri, Mzaramo wa Dar, tulikuwa tunahamishia kompaila ya Pascal, lugha ya kompyuta ya tangu enzi za wazee, kwenye mfumo endeshi ambao hata mafundi wenzangu hawajawahi kuusikia.

Kompaila ni mkalimani. Unaandika programu, yeye anaitafsiria mashine. Mimi nilihangaika na mitambo, Fikiri akaandika jumbe za makosa kwa Kiswahili.

Ila mkalimani wetu alikuwa bubu. Ukimpa kazi, anakufa kimya. Skrini nyeusi tii. Mtaani wakasema nachati na giza.

Asubuhi ile nilirekebisha kipande cha kuandikia kwenye skrini. Sijajaribu, mama huyo mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, nione hiyo kazi."

Nikaandika kiprogramu cha kumsalimia. Nikabonyeza.

Maandishi yakatokea. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Kosa, mstari wa pili. We Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe mpaka kwetu pwani, wewe nuktamkato tu imekushinda?"

Jirani yangu Asnath akaziba mdomo kwa khanga. Nikaiona ndoa inatoka nje kwa miguu yake.

"Aliyeandika haya ni Mzaramo?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mpigie."

Nikampigia Fikiri, nikaweka spika, mama akaanza:

"Wewe Mzaramo, babu zetu walibeba kwa sababu nyie mlikuwa mmelala. Harusini uje na mbuzi, na utamchuna mwenyewe."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Watani hao, tangu enzi za misafara.

Fikiri akauweka utani kando. Akauliza taratibu, "Ngoja kwanza. Imetukana yenyewe? Kwenye skrini?"

Ndipo nikashtuka. Bubu kaongea! Kasoma nilichoandika, kaona kosa, kasema. Nusura nimkumbatie mkwe, ingekuwa kesi nyingine.

Nikaweka nuktamkato niliyoisahau. Nikabonyeza tena.

*Shikamoo mama.*

Mama akaikazia macho skrini, akaitikia: "Marahaba, mwanangu."

Lile tusi sijalifuta mpaka leo. Somo ni hili: ukitukanwa, usinune kwanza. Soma ni mstari wa ngapi.