Kaunta Iliyong'olewa

Mfagiaji wa lile jengo la zamani la ofisi hupiga deki ukumbi wa chini kwa njia ileile kila asubuhi. Hutoka mlangoni moja kwa moja hadi nguzo ya tatu, kisha hupinda kushoto, kana kwamba anazunguka kitu kikubwa. Hapana kitu. Palikuwa na kaunta ya posta, enzi mji ulipokuwa na barabara moja ya lami na watu wake wote wakipanga foleni hapo kungoja barua. Iling'olewa kabla karani wa masijala hajazaliwa. Karani huyo huwahi kazini ili amtazame tu mfagiaji: vidole vilivyokunjamana kwa maji, wimbo unaotokea puani, na umbo la ile kaunta linalobaki sakafuni, kavu, katikati ya mng'ao wa maji, kama kitu kilichoota ndoto na kujisahau hapo.

"Mama, hapa katikati pana vumbi la kupandia mahindi," msimamizi alisema juzi. "Nikilikuta tena kesho, natafuta mtu mwingine. Hapa hapana kitu."

"Najua, baba. Mkono ndio haujui."

"Basi ufundishe sasa hivi."

Karani alikuwa akiwatazama. Yule mama akakamua tambara, akafika nguzo ya tatu, akasimama. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo, kama aliyemkuta mhudumu wa posta ameinamia kazi. Akangoja kidogo. Ndipo akapita katikati, akipiga deki.