Ruhengeri ya Baba

Macho ya baba yalipozimwa na kisukari, alianza kuniomba nimrudishe Ruhengeri. Siku hizi mji huo wa kaskazini unaitwa Musanze, lakini yeye jina hilo hakulikubali. Tuliishi Kigali, mtaa wa Kibagabaga, karibu na hospitali alikotibiwa, na kila tulipotoka kliniki alisema, "Mwanangu, nipeleke nikaisikie baridi ya kwetu."

Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alifika na misafara ya biashara kutoka pwani, akakaa katika mtaa ambao Wazungu waliwatengea Waislamu, na kizazi chetu kikabaki humo. Ruhengeri ulikuwa mji mdogo, ila njia zote za kaskazini zilikutana pale: ya Kigali, ya Gisenyi na Goma, ya Cyanika kuvuka kwenda Uganda. Siku za soko wakulima walishuka kutoka miteremko ya volkano na viazi na pareto, midomo imepauka kwa baridi. Kabla ya kurudi walipita barazani kwa baba kupimwa makoti. Mimi nilikulia chini ya meza yake, nikiokota vipande vya vitambaa na kusikiliza umbea. Mji ule ulisengenyana sana. Lakini mgonjwa hakulala njaa.

Vita vilipofika tulikimbilia Uganda. Tuliporudi nchini tuliishia Kigali, na baba akawa anashona katika chumba cha kupanga Gikondo, katikati ya gereji. Ruhengeri ni safari ya asubuhi moja tu. Nilipomwuliza kwa nini haendi, alijibu, "Mji hauna miguu. Utanisubiri." Nadhani aliogopa. Akaacha miaka ipite mpaka akawa haoni.

Mwaka jana nikampeleka. Basi lilipoanza kupanda mlima wa Buranga, alizitambua kona kwa mwili wake, akawa anainama kabla hazijafika. Mjini nilimshika mkono mpaka pale lilipokuwa duka letu.

"Tumefika?"

"Tumefika, baba."

"Mbona hunielezi unachokiona?"

Nikamweleza: hoteli ya ghorofa, vioo vitupu, magari ya watalii wanaokwenda kuwaona masokwe mlimani. Alinyoosha mkono akaugusa ukuta. Ulikuwa laini kama sahani.

"Umenileta kwingine," alisema.

Mlinzi alikuja. "Hapa iko hoteli, mama. Musisimame kwa mlango, wageni wanapita."

"Palikuwa na mafundi wa nguo hapa," nikamwambia.

"Mimi sijawahi kuwaona."

Tukaenda msikitini. Baada ya sala ya alasiri tukampata mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu, zamani muuza mandazi. Baba akajitambulisha. Yule mzee hakumpa mkono.

"Wewe tulikusomea hitima," alisema. "Tuliambiwa umefia njiani."

"Walikuja nani?"

"Wote. Mtaa mzima."

Baba akaanza kuwaulizia hao wote, mmoja baada ya mwingine. Mchinjaji je? Alikwenda Kongo, hakusikika tena. Mama aliyesuka mikeka? Amekufa. Na muuza mafuta ya taa? Amekufa, na wanawe hawajulikani waliko.

"Sasa amebaki nani?"

"Mimi. Na mimi mwezi ujao mwanangu ananihamishia kwake Kabuga. Kiwanja ameshakiuza."

Baba akaitika kwa kichwa. Wakakaa wote wawili juu ya kibaraza cha msikiti mpaka ukungu ukaanza kushuka nikasema twende.

Ndani ya basi nilimwambia ninaweza kumleta tena mvua zikiisha.

"Kufanya nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Tangu siku hiyo hakuniomba tena. Daktari alisema sukari imepanda, akabadilisha dawa, akazibadilisha tena, na baba akazimeza zote bila kuuliza ni za nini. Alifariki asubuhi moja ya mvua kubwa, chai yake haijapoa.

Nilifikiria kumpeleka kaskazini. Nilikaa na simu mkononi, nikatafuta mtu wa kumpigia kule, atuonyeshe makaburi, atuitie watu wa kuchimba. Sikumpata. Jioni hiyohiyo tukamzika Kigali, kati ya watu asiowajua.