Aliyesimama Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja kule Gazi, mwanangu, jua likiwa bado halijawa kali, tumesimama juu ya tishari kuukuu lililovutwa nchi kavu ili litengenezwe. Tishari ni kile chombo kipana cha chuma cha kubebea mizigo, kisicho na injini yake. Sisi tulikuwa wanafunzi wa uhandisi wa meli, tumetoka chuoni kuja kujifunza kazi kwa mikono.

Nakuandikia haya kwa sababu jana ulipokuja hapa Tiwi kuniaga, ulinieleza kwa furaha masomo yote utakayosoma. Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini hukutaja hata mara moja watu utakaofanya nao kazi, nami nikalala nikiliwaza hilo.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa hapa pwani. Wa pili ni Mwero, kijana wa Kinango, wa watu wafugaji, ambaye kabla ya kuja chuoni alikuwa ameiona bahari mara chache tu. Wa tatu ni Kevin, aliyetoka bara, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mwero ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulilala chumba kimoja. Nilipowasha taa alfajiri niswali, aligeukia ukutani bila kunung'unika, na Jumapili alipokwenda kanisani, mimi ndiye niliyempigia pasi shati, maana yeye pasi ilimshinda.

Siku hiyo mwalimu wetu, Mwalimu Salim, alitaka tukague tangi moja la chini la tishari lile. Alitukusanya kwenye tundu la kuingilia, tundu la duara ambalo mtu mzima hupita kwa kujibana. Akatwambia kwamba tangi la chuma likifungwa muda mrefu, kutu huimaliza hewa iliyomo. Huoni kitu wala hunusi kitu. Unatembea tu, magoti yanalegea, unaanguka. Alikuwa ameipima hewa ya sehemu ya mbele akaiona iko salama, na feni ilikuwa ikipuliza hewa ndani. Akamwamuru Mwero aingie akague, lakini asivuke ukuta wa chuma uliogawa tangi katikati. Kevin akapewa feni aiangalie. Mimi nikaambiwa nisimame kwenye tundu.

Nilijiona nimepewa kazi ya kitoto. Nikamwuliza, "Mwalimu, mimi nisimame tu?"

"Usimame tu," akasema. "Mwenzako akianguka, usimfuate. Piga filimbi, uendelee kumwita, na usimruhusu mtu yeyote aingie bila mtungi wa hewa mgongoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia maneno yake yote. Kisha akaenda upande wa pili wa karakana kuwaangalia wanafunzi wengine.

Mwero aliingia na tochi yake. Nikawa namwita, naye ananijibu, sauti yake ikirudi kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa. Akafika kwenye ule ukuta, uliokuwa na uwazi mdogo wa kupitia. Baadaye alinieleza kwamba aliona ufa upande wa pili, akataka kuuona vizuri ili aende kumweleza mwalimu kitu cha maana. Akapenyeza kichwa na mabega, kisha akapita mwili mzima. Nikamwambia arudi. Hakujibu. Nikasikia tochi ikigonga chuma, na kwenye mwanga wake uliolala chini nikaziona nyayo za viatu vyake, hazitikisiki.

Mwanangu, mwili wangu wote ulitaka kuingia. Nilikuwa tayari nimeshika ukingo wa tundu, mguu mmoja umekwisha kuning'inia ndani. Sijui ni nini kilichouvuta nje mguu ule, isipokuwa yale maneno niliyoambiwa niyarudie kwa kinywa changu mwenyewe. Nikapiga filimbi. Nikapiga tena. Kevin akaja mbio, akachungulia, akataka kujitosa.

"Huingii," nikamwambia.

"Toka bana, jamaa anakufa huko ndani."

"Huingii bila mtungi."

Akanikamata shati, nami nikakaa juu ya tundu lile kwa mwili wangu, yeye ananivuta, mimi nimeinamisha kichwa ndani namwita Mwero. Machozi yalikuwa yakinitoka. Kevin aliposhindwa kuniondoa, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ni mwoga. Rafiki yako huyo." Neno hilo liliniingia mahali ambapo sijui kama limewahi kutoka.

Mwalimu Salim alikuja na fundi mmoja, wamebeba mitungi kutoka bandani. Wakavaa, wakaingia, wakamtoa Mwero amelegea kama nguo iliyofuliwa. Wakampa huduma ya kwanza pale pale juu ya tishari mpaka akavuta pumzi, akakohoa, akatapika. Sijasikia sauti tamu kama kikohozi kile. Mwalimu alikiri mbele yetu sote kwamba mitungi ile ilipaswa kuwa kando ya tundu tangu mwanzo, na kuanzia siku hiyo haikuwekwa tena mbali.

Mwero akapelekwa hospitali. Nilipokwenda kumwona, aliniuliza jambo moja. "Uliniona nikianguka?"

"Nilikuona."

"Ukabaki mlangoni?"

Nikajaribu kumweleza, lakini alikuwa amekwisha kugeukia ukutani. Kevin alikuwa amemsimulia kisa chote kwa namna yake. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la hospitali, sijui niende wapi. Ndipo akaja mwanamke mmoja, leso mbili mwilini, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la njia ya Kinango. Nilimtambua kwa macho tu, kwa jinsi alivyofanana na mwanawe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiwe uliyekuwa pale mlangoni?"

Nikamwambia ndimi. Nilijua sasa atanilaumu, na nilikuwa nimejiweka tayari kulaumiwa. Yeye akakaa kando yangu. Kisha akauliza, "Alipoanguka, ulifanyaje?"

"Nilimwita, mama. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka."

"Hukuacha kumwita?"

"Sikuacha."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. "Basi mwanangu hakuwa peke yake," akasema. Tukakaa hivyo, mimi nikilia kama mtoto, yeye akitazama mbele.

Mwero aliporudi chuoni, tulilala chumba kile kile bila kuzungumza. Ni vigumu, mwanangu, kuishi na mtu unayempenda naye hakusemeshi. Jumapili nilimpigia pasi shati lake, nikaliweka kitandani, akalivaa akatoka bila neno. Nikaendelea hivyo. Sikuwa na njia nyingine ya kumweleza.

Mwalimu Salim aliyaona hayo yote. Wiki zilipopita, tukarudi kwenye tishari lile kukagua tangi jingine, naye akatupanga upya. Mimi niingie. Mwero asimame kwenye tundu. Mitungi ilikuwa pale pale miguuni pake, na hewa ilipimwa kila pembe, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kutisha. Hata hivyo, tangu nilipoingia, Mwero hakunyamaza. Aliniita kila mara. Nikijibu, ananiita tena. Nikichelewa kujibu kwa kuwa nimeshika tochi kwa meno, sauti yake inapanda.

Nilipotoka, nilimkuta ameng'ang'ania ukingo wa tundu, uso umelowa jasho. Akanisaidia kupanda. Tukakaa kwenye sitaha, miguu yetu inaning'inia.

"Mimi nilidhani ulikuwa umekaa mahali pazuri," akasema. "Nilidhani mimi ndiye niliyepata taabu."

Nikampa kitambaa changu, akajifuta uso.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Nikamwambia yamekwisha. Na kweli yalikwisha, tukawa ndugu mpaka leo. Wanawe wananiita baba mkubwa. Kevin yeye hakuniomba radhi kwa maneno. Lakini siku aliyopangiwa kuingia tangini, alimwendea Mwalimu Salim, akamwambia mbele ya watu, "Mimi naingia, lakini huyu ndiye nataka asimame mlangoni."

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko uendako watakufundisha injini na pampu, nawe uzijue barabara, maana meli haisukumwi na tabia njema. Lakini kila chombo utakachopanda kitakuwa na watu waliotoka kwingi, wenye dini zao na hasira zao, na uhai wako utakuwa mikononi mwao kama wao walivyo mikononi mwako. Ukipewa kazi ndogo, usiidharau. Uliza sababu yake, kisha irudie kwa kinywa chako mpaka ikukae. Ukiona jambo haliko sawa, liseme mapema, hata kwa mkubwa wako. Usitamani kuwa shujaa. Tamani kuwa mtu ambaye wenzako, wakiingia mahali penye giza, watataka wewe ndiwe uliyebaki nje unawaita. Na ukikosana na mwenzako, usiache kumfanyia wema ule mdogo wa kila siku. Pengine huo ndio utakaowarudisha pamoja.

Mola akufungulie elimu yenye manufaa. Akupe wenzi wakweli, nawe akujaalie kuwa mkweli kwao. Akulinde juu ya maji na chini ya sitaha, na kila ushukapo kwenye chombo, akurudishe kwetu salama, ubishe hodi, nasi tukufungulie. Amin.