Gari Jeusi Lenye Mapazia

Juzi mdogo wangu Baraka aliniita kwake mjini Hilliard nione gari alilonunua. Anapenda magari ya kifahari ya zamani, yale yaliyokuwa ya matajiri na sasa yanang'arishwa na wafanyakazi wa ghala kama yeye. Hili lilikuwa jeusi, refu, na lilinuka nta.

"Yaya, panda," aliniambia, akiniita mkubwa wake kama alivyozoea tangu utoto.

Sikupanda mara moja. Harufu ile ilinirudisha kibarazani kwetu utotoni, mtaa wa Black Rock, kule Buffalo. Baba tulikuwa tumemzika kwenye kambi ya wakimbizi, kabla hatujaletwa huku, na mama alikuwa amelazwa hospitalini. Mchana ule akina mama wa kanisa walipika masufuria ya wali jikoni kwetu, na hakuna aliyeimba.

"Mama yenu anapita hapa leo," waliniambia. "Ogesha wadogo zako."

Niliwaogesha, nikawapaka mafuta, nikawapanga kibarazani. Gari jeusi lenye mapazia likaja polepole sana, likinguruma chini chini.

"Ni gari ya rais," Baraka alisema.

"Ni ya mama," nilimjibu. "Donc, basi, muimbe kwa nguvu."

Kambini maiti ilibebwa mabegani. Sikujua kwamba huku hupewa gari la fahari namna ile. Tukaimba wimbo wa kupokea wageni, tukipiga makofi, na hakuna mtu mzima aliyetunyamazisha. Baraka, mdogo kuliko wote, alikuwa bado akiimba dereva alipofungua mlango wa nyuma na jeneza likaonekana.