Gunia Nililolishona kwa Mkono Wangu

Mwenzangu, mie nimeona mengi katika umri huu, lakini sikupata kuona pampasi zinaelea juu ya maji niliyokunywa utotoni. Nimeziona mwezi uliopita kwa macho yangu haya.

Ilikuwa hivi. Kijijini kwetu, huko kusini upande wa Makunduchi, pampu ya maji iliharibika. Mifereji ya majumbani ikakauka siku ya kwanza, na ya pili, mpaka ikatimia wiki. Hapo ndipo wanawake walipolikumbuka pango. Zamani kijiji kizima kilikunywa humo, kisha mfereji ulipokuja watu wakalipa mgongo, msitu ukaota mdomoni. Dada yangu, mtoto wa ami yangu, akanipigia simu Ng'ambo, huku mjini Unguja, ninakokaa na mwanangu na mkewe. "Njoo utuoneshe njia ya kushuka," akanambia. "Wanaoijua washakwenda kwa Mola wao. Tumebaki wewe na mimi, na mimi magoti sina."

Nikajitanda kanga yangu nikaenda. Nilikwenda na kiburi, sikufichi. Nilijiona mie ndiye mwenye ufunguo.

Na kwa nini nisijione? Pango lile nalijua kama ninavyolijua jiko langu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinichukua huko kila alfajiri baada ya sala, yeye na mtungi kichwani, mie na kata mkononi, kile kifuu cha nazi chenye mpini. Mdomoni tunafuta nyayo zetu kwenye majani, ndipo tunashuka. Vidato vya mawe vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, kwa nyayo za watu waliotutangulia. Chini kuna ubaridi unaokupanda miguuni, na tone linaanguka, kimya, tone jingine. Juu kwenye dari ya jiwe palikuwa na tundu, na jua likishapanda linaingia humo likachoma maji mpaka chini, ukaona kokoto moja moja na viduvi vyeupe, vile vikamba vidogo, vinatembea. Maji yenyewe yana chumvi kwa mbali sana. Ukiyapikia muhogo, husemi umesahau chumvi.

Masharti yalikuwa mengi. Hakuingii sabuni, hakiingii chombo chenye masizi, hateremki mtu na mtoto mchanga mgongoni. Bibi akisema, "Pango halina mlinzi. Mlinzi wake ni kiu yako."

Na nyumbani hatukuwa na taka. Nikiwaambia wajukuu wanacheka, wanadhani najisifu. Taka zitoke wapi? Samaki amekuja katungwa kwenye ukindu, chumvi imekuja kwenye jani la mgomba, mafuta ya taa umekwenda dukani na chupa yako, na ukirudi umeivunja, jikaze. Maganda ya muhogo ya kuku. Vifuu vinaingia jikoni, makumbi yanasokotwa kamba. Kanga ikichakaa inachanwa mawinda ya mtoto, winda likichakaa linakuwa tambara la kuepulia chungu, na tambara likichakaa linasokotwa utambi wa koroboi. Kitu kilikuwa kinatumika mpaka kinaisha chenyewe, kama mshumaa.

Mdogo wangu alipozaliwa, kazi ya kufua mawinda nikapewa mie. Nilikuwa na miaka kama minane. Unachota maji pangoni, unapanda nayo, unakwenda mpaka nyuma ya migomba, unafua huko, na maji machafu unaimwagia migomba. Safari tatu, nne, jua la kaskazi linakukaanga utosi. Siku moja nikachoka. Nikateremka na beseni langu, nikafulia mlemle pangoni. Winda moja tu, nikajisemea. Winda moja litafanya nini?

Bibi hakunipiga. Nilingojea bakora, na ningeishukuru. Alinishika mkono akanipitisha nyumba hadi nyumba, na kila mlango nikasema maneno yaleyale: "Shikamoo. Maji ya pango msichote leo, nimeyachafua mie." Jirani mmoja, mwanamke wa ulimi, akanitazama toka juu mpaka chini. "Marahaba. Na leo tupikie nini, mate yako?" Kisha Bibi akashuka pangoni, akachota na kumwaga, kachota kamwaga, mie napandisha ndoo, mpaka magharibi, mpaka yakarudi kuonekana kokoto. Mimi nililala na mikono inawaka.

Basi mwezi uliopita tukatoka wanawake saba na madumu yetu. Mtoto wa kaka yangu, mwanamume mzima mwenye gari ya kuchukulia mazao, akaja na panga la kufyekea na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia ngalawa. Dada yangu akakaa juu kwenye jiwe. Mie mbele, nawaelekeza. Kabla hatujafika kidato cha tatu harufu ikatupokea.

"Kafia mnyama humu," akasema mmoja.

Nikamulika kwa simu. Maji sikuyaona. Niliona vitu vyeupe vimejaa ukuta mpaka ukuta, vimebanana, vimevimba.

"Haya, mikate ya kumimina hiyo, imeumuka vizuri," akasema mwanamke aliye nyuma yangu. "Nani kafuturisha?" Yeye mwenyewe akaziba pua na kanga.

Mie nikapiga ukelele. Pangoni hapigwi kelele, lakini nilipiga. "Khaa! Nani huyu asiye na haya? Aliyefanya haya Mungu amfedheheshe mbele za watu!" Wote wakaitikia amin. Wallahi waliitikia amin, na pango likairudisha.

Wakaanza kumtafuta mwenye kosa. "Hawa ni wa mahoteli ya pwani, wazungu hawa." "Mzungu gani wewe anayevaa pampasi ndogo hivi?" "Basi watu wa mjini." Dada yangu anaita kutoka juu, "Mshayaona maji?" Mtoto wa kaka yangu akaingiza upondo, akavuta. Likaja gunia la mchele. Ubavu wake umepasuka, zinatoka pampasi kama matumbo, lakini mdomo wake bado umeshonwa vizuri.

Kuna watu wanajua mwandiko wao. Mie skuli niliishia darasa la nne, kuandika kwangu ni kwa taabu, ila mshono wangu naujua. Bibi alinifundisha kushona magunia ya mbata kwa shazia, ile sindano nene: dunga mbili mbele, moja nyuma, na kila pembe unaikunja sikio, unalizungushia uzi mara tatu. Watu siku hizi wanafunga gunia kwa fundo tu. Nikaliona sikio moja, nikaliona la pili. Nikashika ukuta.

Nikueleze. Mjukuu wangu alizaliwa mwaka jana. Mama yake anafanya kazi dukani Mji Mkongwe, anatoka asubuhi anarudi jioni, mtoto nabaki naye mie. Akaniletea pampasi. Mwanzo nilizikemea. Kisha nikaona unavua, unakunja, basi. Hakuna kuchota, hakuna kufua, hakuna kuanika. Mgongo wangu ulizipenda kabla ya moyo.

Lakini Bibi alikuwa na mwiko mmoja: kinyesi cha mtoto hakitiwi moto, wala winda halikaushwi jikoni, mtoto atababuka makalio. Mwiko huo nimewalea nao wanangu wote. Na jaa la mtaani kwetu linachomwa kila siku, moshi wake tunaunusa mpaka chumbani. Nikamwambia mkaza mwanangu, "Pampasi za mjukuu wangu hazendi jaani." Nikawa nazitia kwenye gunia tupu la mchele, likijaa nalishona nisije nikamwaga aibu njiani. Mtoto wa kaka yangu kila wiki anashusha muhogo soko la Mwanakwerekwe, akirudi shamba gari tupu, anapitia kwangu. Nampa gunia. "Katupe mbali," namwambia, "pasipowaka moto."

Wapi, sikumuuliza hata siku moja.

Sasa pale pangoni alikuwa anatazama juu, kwenye lile tundu la dari. Nikamuona anavyolitambua. Kijana wa mfereji yule, hakupata kushuka humu maishani mwake. Yeye alilijua tundu hilo kwa juu tu, shimo kando ya njia ya gari. Akanisogelea sikioni. "Shangazi, si ulisema pasipowaka moto? Niliona shimo lina maji, pana baridi. Nikasema makalio ya mtoto yatapoa."

Alifanya kwa mapenzi. Ndilo linaloniumiza zaidi. Na mie nilifanya kwa mapenzi.

Hakuna mwingine aliyesikia. Nataka ujue hilo. Ningeweza kunyamaza, nikaendelea kuwalaani wazungu na watu wa mjini, nikarudi Ng'ambo na heshima yangu nzima, na yule asingenisema, ananiogopa. Nilitafuta njia ya kunyamaza milele na karibu niipate.

Kisha nikasema, "Gunia hili langu."

"Langu vipi, Bi mkubwa?" akauliza mmoja.

"Langu. Mshono wangu huu. Hizi za mjukuu wangu. Na mengine yaliyozama huko yangu pia, mwaka mzima."

Kutoka juu dada yangu akauliza, "Nani anasema langu?" Nikamjibu ni mie. Sauti yake ikashuka kwenye ngazi, kavu. "Wewe? Wewe uliyenipiga kofi utotoni kwa kutema mate humo?"

"Mie."

Yule wa mikate ya kumimina akajifunga kanga kiunoni. "Basi amin tushaitikia, Bi mkubwa. Mungu kakusikia upesi leo."

Nililistahiki lile. Mmoja tu, mwanamke kijana aliyekuwa amemwacha mtoto wake juu kwa dada yangu, akasema chini chini, "Hata mie hutupia lile tundu la juu. Mama kanikataza kuchoma." Wengine wakatazama madumu yao. Nikajua kuwa hatukuwa wawili tu.

Tukazitoa, kutwa nzima, kwa upondo na kwa ndoo. Zilizoelea tulizipata. Nyingi zimepasuka, zimemwaga kitu kama sagosago, vipunje laini, hakishikiki, hakichujiki, kimeingia kwenye nyufa za mawe ambako maji yanatokea. Kiduvi sikukiona hata kimoja. Jioni tukawa na rundo mdomoni mwa pango, tumelizunguka, mikono inanuka, na mtu akauliza, "Haya, sasa tuzipeleke wapi?" Kila pahala alipopataja mmoja, mwingine ana shamba lake hapo, au nyumba, au kaburi la mama yake. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa lile "mbali" langu lilikuwa mlangoni kwa mtu.

Wanawake wakaliacha rundo palepale, wakaondoka na madumu matupu kwenda kuomba maji kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Walinipita bila kuniaga.

Mwiko wa Bibi siulaumu. Bibi aliushika mwiko na akaishika kazi yake, akafua, akaanika, akatumia tena. Mie niliushika mwiko nikaiacha kazi. Sasa nafua mawinda. Nimechana kanga zangu mbili, na mkaza mwanangu ananiambia, "Mama, utajivunja mgongo, watu watasema nakutesa." Namwambia na waseme. Siku ya mapumziko anafua yeye, ananuna, lakini anafua.

Pampu imetengenezwa, mifereji inatoka, na la pango halizungumzwi tena. Ikikatika siku nyingine hakuna pa kwendea. Ile kata, ule mtungi, zile nyayo kwenye mawe, mwisho wake umekuwa ni mie, si mfereji wala wazungu.

Umri wangu ni wa kufikiria kaburi. Wenzangu wenye uwezo wanachimba visima, ili kila anayekunywa, thawabu ziwafuate walikolala. Ndiyo sadaka isiyokatika. Mie nitazikwa, nitaoza, kama mja anavyotakiwa kuoza. Vile nilivyoshona kwenye gunia havitaoza. Na kila mwenye kiu atakayefika pale mdomoni akarudi mkavu, nami nitaandikiwa.