Madame Fournier na Mkate Ulioungua

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni yake mdogo wangu Saida, aliyeolewa Ufaransa, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane. Sasa ni Madame Fournier. Mumewe kamweleza kuwa zamani fournier alikuwa mtunza tanuri la kijiji: watu wanaleta unga waliokanda, yeye anawaokea. Kazi ikawa jina la ukoo, ukoo ukatoa madaktari, waandishi, hata mchonga herufi za kuchapia vitabu. Kwetu aliyepata kujulikana ni mjomba peke yake, kwa kuimba ovyo harusini. Na mimi hapa, na kidato cha nne changu, kutoka sebuleni hadi jikoni ndiyo safari.

Mwishoni akasema, "Dada, Ijumaa tunafika. Njoo utupokee uwanjani." Nikaamua nitaumwa kichwa.

Ndotoni nilikuwa uwanja wa ndege, mara uwanja ukawa ua wa marehemu bibi yetu. Anaoka mikate ya mofa kwenye tanuri lake la udongo, kama enzi zake. Mtaa mzima umempangia sinia za unga, kila donge lina alama ya kidole cha mwenyewe, yasichanganywe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Naona kununa kumekunenepesha."

Namwambia Saida kapata jina kubwa.

"La mtu wa tanuri?" Bibi anacheka. "Mbona kazi yangu hiyo!"

Anaingiza mkono motoni, anatoa mkate mweusi kama masizi. Unafuka kiganjani mwake.

"Wa nani huo?"

"Wa dada yangu, Mwanaidi. Aliezeka bati, mimi niko kwenye makuti. Nikauacha uungue kusudi, nikamwambia moto umenizidi. Akaula hivyo hivyo, akanishukuru."

"Ulimwomba radhi?"

"Nilisema kesho. Akatangulia." Anautazama. "Sina pa kuuweka."

Nanyoosha mkono nimpokee. Anaukumbatia kifuani.

"Huu wangu. Wako bado mbichi, mjukuu wangu."

Nikaamka, adhana ya alfajiri inaisha. Nikampigia Saida.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nilipanga nisije uwanjani. Nakuonea wivu, mwenzio, na hilo jina lako."

Nikasikia anafunga mlango.

"Dada," akanong'ona, "hata kulitamka siwezi. Mama mkwe ananicheka kila siku."

Nikamuuliza ndege inatua saa ngapi.